KUHAMISHA MIKANDA YA VIDEO KUWA MAFAILI YA KOMPYUTA: KASORO ZINAZOTOKEA MARA KWA MARA NA NAMNA YA KUZITAFUTIA CHANZO

Wananchi na watumishi wa umma wanaarifiwa kwamba maelezo haya yanahusu kazi ambayo hivi sasa inafanywa katika afisi na majumba mengi ya Unguja na Pemba, nayo ni kuzitoa picha zilizomo katika mikanda ya video, kuzitia katika kompyuta, na kisha kuzibadilisha ziweze kutazamwa katika simu na televisheni za kisasa. Kazi yenyewe ni nyepesi kwa kuitazama. Ugumu wake hudhihiri baadaye, pale faili linapokataa kufunguka, au likafunguka sauti ikawa inatangulia midomo, au nyuso za watu zikawa nene kuliko wenyewe walivyo.

Jambo hili lina haraka yake. Visiwa hivi vilipata televisheni ya rangi mapema, katika miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Na deki za video zilipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, harusi, maulidi, hutuba, mashindano ya ngalawa, mahafali ya skuli na ziara za viongozi ziliwekwa katika mikanda ya VHS. Mkanda huo ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Hewa ya bahari na unyevu wa masika huupandisha ukungu, na unga ule huachia kidogo kidogo hata kama mkanda haujaguswa na mtu. Deki nazo hazitengenezwi tena. Kampuni ya mwisho iliyojulikana kuzitengeneza, Funai ya Japani, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Kwa hivyo mikanda mingi iliyobakia ina nafasi chache tu za kuchezwa vizuri, na faili litakalotoka katika nafasi hizo ndilo litakaloachwa kwa watoto na kwa kumbukumbu za afisi.

Yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuwa na faili bovu mkononi na anataka kujua ubovu umeingia wapi. Neno hilo "wapi" ndilo la kushikilia. Picha hupita vituo vitano: mkanda, deki, kifaa cha kunasia kinachochomekwa katika kompyuta, programu inayosimba, na mwisho chombo cha kuonyeshea. Kasoro iliyoingia katika kituo cha pili haiponyeki katika kituo cha tano. Desturi iliyozoeleka ya kulibadilisha tena na tena faili lile lile bovu mpaka "likubali" huongeza hasara juu ya hasara, kwa sababu itakayoelezwa hivi punde.

Faili la video ni kitu gani

Watu wengi hudhani kwamba herufi zinazofuata jina la faili, kama vile MP4, AVI, MOV au MKV, ndizo zinazosema video ni ya aina gani. Sivyo. Herufi hizo hutaja pakacha tu. Mwenye kuona pakacha njiani hujua limesukwa kwa makuti, lakini hajui ndani mna maembe au muhogo mpaka alifungue. Ndani ya pakacha la MP4 mna picha zilizosimbwa kwa njia moja na sauti iliyosimbwa kwa njia nyengine, na kila njia ya kusimba huitwa kodeki. Kodeki ya picha iliyoenea kuliko zote ni H.264, iliyotolewa mwaka 2003. Iliyoifuata ni H.265, ya mwaka 2013, ambayo hubana zaidi lakini huihitaji mashine yenye nguvu zaidi. Mikanda iliyohamishwa zamani kwenda katika diski za DVD ilisimbwa kwa MPEG-2.

Kutokana na hayo, kulibadilisha jina faili kwa mkono kutoka AVI kuwa MP4 si kulibadilisha faili; ni kubandika karatasi mpya juu ya pakacha lile lile.

Sababu ya kuwepo kodeki hufahamika kwa hesabu. Picha ya mfumo wetu wa PAL, ikinaswa kwa kompyuta, huwa na nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwa urefu, yaani nukta 414,720, na picha kama hizo ni 25 kwa kila sekunde. Kila nukta ikichukua baiti mbili, sekunde moja hutaka megabaiti 20 na ushei, na saa moja ya harusi hukaribia gigabaiti 75. Hakuna anayeweza kuzibeba hizo katika flashi. Kodeki huipunguza hesabu hiyo kwa ujanja: huandika picha moja kamili, kisha kwa picha kadhaa zinazofuata huandika yale tu yaliyobadilika. Bibi harusi akiwa amekaa kitini na ukuta nyuma yake haujasogea, ukuta hauandikwi tena. Aidha, kodeki huacha vitu vidogo ambavyo jicho haliviangalii sana, na vilivyoachwa havirudi.

Hapa ndipo ilipo hatari. Mtumishi anayejua barua iliyotolewa fotokopi, kisha fotokopi ile ikatolewa fotokopi, na ya tatu ikatolewa kutoka ya pili, anajua mhuri unavyokuwa doa jeusi. Kusimba upya faili lililokwisha kusimbwa ni jambo la namna hiyo hiyo, hata kama faili la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Hivyo basi, kila mkanda unahitaji mafaili mawili. La kwanza ni nakala mama, iliyonaswa kwa ubora wa juu na isiyoguswa. Mfumo wa DV, kwa mfano, huchukua takribani gigabaiti 13 kwa saa. Na taasisi nyingi za nyaraka duniani hutumia kodeki iitwayo FFV1, ambayo hubana bila ya kuacha kitu chochote, ijapokuwa hutaka nafasi kubwa zaidi. La pili ni nakala ya kutazamia, ndogo, ya H.264, inayotolewa kutoka katika nakala mama kila inapohitajika. Kasoro ikionekana katika nakala ya kutazamia, mtu hurejea kwa mama. Kasoro ikiwamo katika mama, hurejea kwenye mkanda. Na kama mkanda umekwisha kutupwa, hakuna pa kurejea. Na ndivyo inavyotokea pale afisi inapoikabidhi mikanda yake kwa fundi wa dukani, ikarejeshewa diski moja yenye mafaili madogo madogo ya kutazamia, na mikanda ikachomwa ili kabati lipate nafasi.

Faili halifunguki, au linatoa sauti bila ya picha

Faili linapotoa sauti huku kioo kikiwa cheusi, mara nyingi si bovu. Chombo kinachoonyesha hakiijui kodeki ya picha. Simu nyingi za miaka ya karibuni hurekodi kwa H.265, na kompyuta kongwe ya afisi haiwezi kuifungua. Jaribio la kwanza ni kulifungua faili hilo kwa programu ya VLC, ambayo hupatikana bure na huja na kodeki zake yenyewe. Likionekana vyema huko, faili ni zima, na linalohitajika ni kutoa nakala ya H.264 kwa ajili ya mashine ile kongwe. VLC pia ina ukurasa wa kuonyesha kodeki zilizomo ndani ya faili, na inafaa mtu ausome ukurasa huo kabla ya kubadilisha chochote.

Wakati mwengine kodeki inajulikana na pakacha ndilo lisilokubaliwa. Televisheni inakubali MP4 lakini inaikataa MKV, na zote mbili zina H.264 ile ile ndani. Hapo haihitajiki kusimba upya. Hamisha yaliyomo kutoka pakacha moja kwenda jengine. Kazi hiyo humalizika kwa dakika chache na haipotezi hata nukta moja. Programu inayochukua saa mbili "kubadilisha" MKV kuwa MP4 inasimba upya bila ya sababu, na mwenye faili ndiye anayelipa kwa ubora.

Ama faili lisilofunguka popote, khasa MP4, aghlabu ni faili ambalo halikufungwa. Pakacha la MP4 kwa kawaida huandika fahirisi yake mwishoni, baada ya kurekodi kwisha. Fahirisi hiyo ndiyo inayosema picha ya kila sekunde iko wapi ndani ya faili. Umeme ukikatika katikati, picha zote zimo lakini fahirisi haimo, na programu haijui pa kuanzia. Wakaazi wa Unguja wanaokumbuka takribani mwezi mzima bila ya umeme mwaka 2008, na miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuhimizwa sana juu ya jambo hili. Lakini hata kukatika kwa nusu dakika kunatosha. Zipo programu zinazoweza kuijenga upya fahirisi zikipewa faili jengine zima lililorekodiwa na kifaa kile kile kwa vipimo vile vile. Njia iliyo salama zaidi ni kunasa moja kwa moja katika MKV, ambayo ikikatwa katikati hubaki inasomeka mpaka pale ilipofikia, kisha kuhamishia katika MP4 kazi ikisha. Programu ya OBS, inayotumiwa na wengi kunasia, inaruhusu mambo yote mawili.

Lipo pia faili linalokoma lenyewe. Mtu ananasa mkanda wa saa tatu, anarudi na kukuta kurekodi kumesimama baada ya dakika sabini hivi. Aangalie diski au flashi imepangwa kwa mfumo gani. Mfumo wa FAT32 haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Ukinasa kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, ambayo ni sawa na megabaiti 1 kwa sekunde, kikomo hicho hufikiwa katika dakika ya sabini na moja. Dawa ni kuipanga upya diski kwa exFAT au NTFS, baada ya kuvihamisha vilivyomo, kwani kuipanga upya hufuta kila kitu.

Sauti na midomo kuachana

Hii ndiyo kasoro inayolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu watu huiona kuwa ni ugonjwa mmoja. Ina sababu nne, na kila moja ina alama yake.

Kabla ya kufanya lolote, tafuta mahali patatu katika faili: mwanzoni, katikati na karibu na mwisho. Katika kila mahali tafuta jambo linaloonekana na kusikika kwa wakati mmoja, kama kofi, mlango kufungwa, au mkono wa mpiga dumbaki unapotua juu ya ngozi. Pima kwa kadiri sauti inavyotangulia au kuchelewa katika kila mahali, na uandike.

Ikiwa tofauti ni ile ile mahali pote patatu, jambo ni jepesi. Sauti imechelewa kuanza au imetangulia, basi. Isogezwe mara moja kwa kipimo hicho. Katika kompyuta ya Windows, VLC huisogeza sauti kwa herufi J na K wakati wa kutazama, na hiyo ni njia nzuri ya kukijua kipimo chenyewe kabla ya kukitia katika programu ya kuhariri.

Ikiwa tofauti inakua kidogo kidogo na kwa usawa, hakuna mwanzoni, nusu sekunde katikati, sekunde nzima mwishoni, basi picha na sauti zimepimwa kwa saa mbili zisizokubaliana. Hutokea pale picha iliponaswa kwa kifaa kimoja na sauti ikaingia kwa tundu la maikrofoni la kompyuta yenyewe. Hutokea pia katika mikanda ya Marekani, ambayo mwendo wake si picha 30 kwa sekunde kama inavyoandikwa kwa haraka, bali 29.97, programu ikidhani ni 30 kamili, tofauti huwa sekunde 3.6 kwa kila saa. Dawa yake ni kuweka mwendo ulio sahihi, au kuinyoosha sauti kidogo mpaka ilingane. Kuisogeza sauti hakusaidii, kwani ukiipatia mwanzo umeikosea mwisho.

Ikiwa tofauti inaruka ghafla, sauti ikawa sawa mpaka dakika ya kumi na saba, kisha ikaachana kwa nusu sekunde, ikaendelea hivyo, kisha ikaruka tena, basi zimedondoka fremu wakati wa kunasa. Kompyuta ilishughulika na jambo jengine, au diski ilishindwa kuandika kwa kasi, au mkanda ulikunjika na ishara ikayumba hata kifaa kikapoteza hesabu. Hapa hakuna ubadilishaji utakaofaa. Nasa upya. Funga programu nyengine zote, zima mtandao na ukaguzi wa virusi kwa muda huo, chomeka kifaa katika tundu la kompyuta lenyewe bila ya kigawanyi, na andika katika diski ya ndani wala si katika flashi. Ikiwa mkanda ndio unaoyumba, ishara ipitishwe kwanza katika mashine inayoisawazisha; baadhi ya mashine za kurekodia DVD hufanya kazi hiyo bila ya kurekodi chochote, kwa kupitisha tu.

Ya nne ni ya simu. Simu haishiki mwendo mmoja. Penye giza hupunguza picha kwa sekunde na penye mwanga huziongeza. Hilo si kosa, na VLC hulifahamu. Lakini programu nyingi za kuhariri hudhani mwendo ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na sauti huachana kwa vipande visivyo na mpango. Faili la namna hii lipitishwe kwanza katika HandBrake, mahali pa mwendo wa picha pachaguliwe mwendo usiobadilika, na ndipo lipelekwe katika programu ya kuhariri.

Kadhalika ipo kasoro ambayo si ya kuachana, ingawa hudhaniwa hivyo. Sauti inakuwa nyembamba kama ya mtoto na inakwenda mbio. Sauti hiyo ilichukuliwa kwa vipimo 44,100 kwa sekunde na inachezwa kana kwamba ni 48,000; mazungumzo ya saa moja humalizika kwa dakika 55. Irekebishwe namba, na sauti ya mwenyewe itarudi.

Meno ya chanuo, nyuso nene na weusi uliofifia

Mtu akipita mbio mbele ya kamera, ukingo wa mwili wake huonekana umechanika kwa mistari midogo ya kulala, kama meno ya chanuo. Picha ya televisheni ya zamani haikuletwa nzima. Ililetwa kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na mistari ya witiri, nusu 50 kwa sekunde, na kioo cha zamani kilizionyesha moja baada ya moja. Kompyuta huzibandika pamoja, na kwa kuwa mtu alikwisha kusogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili, ukingo hauchukuani. Katika nakala ya kutazamia, kiwashwe kichujio cha kuondoa meno hayo, ambacho HandBrake inacho. Katika nakala mama, meno yaachwe kama yalivyo, kwani ndiyo umbo la asili, na vichujio vya kesho huenda vikawa bora kuliko vya leo. Jambo la kuogopwa ni kuipunguza picha urefu kabla ya kuyaondoa meno. Hapo mistari huyeyukiana na hakuna kichujio kitakachoitenganisha tena. Mafaili mengi ya zamani kutoka madukani yameharibika kwa njia hii hii.

Mistari michache inayotetemeka chini kabisa ya picha ni jambo jengine. Hutoka katika vichwa vya deki vinapobadilishana zamu, na ilikuwapo siku zote, ila kioo cha televisheni ya zamani kiliificha nyuma ya fremu yake. Isitafutiwe dawa katika kompyuta. Ikikera, ikatwe katika nakala ya kutazamia.

Nyuso nene hutokana na umbo la picha. Nukta 720 kwa 576 za mkanda si za mraba. Picha hiyo ilikusudiwa kuonyeshwa kwa uwiano wa 4 kwa 3, yaani kama nukta 768 kwa 576. Televisheni za leo ni za 16 kwa 9, na mwenye kuona weusi pembeni huona ni aibu, akaivuta picha mpaka ijae. Weusi ule ni haki ya picha. Ikiwa uvutaji umefanywa na televisheni, ubadilishwe katika mipangilio ya televisheni na faili lisiguswe. Kadhalika, kuikuza picha ya mistari 576 iwe ya 1080 hakuongezi kitu ambacho kamera ya mwaka 1992 haikukiona. Huongeza uzito wa faili tu.

Ama weusi uliokuwa kijivu, na picha yote kuonekana kama imepitiwa na vumbi, hutokana na kipimo cha mwanga. Video ya televisheni huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe mpaka 235, na kompyuta huhesabu kutoka 0 hadi 255. Programu moja ikiandika kwa hesabu ya kwanza na nyengine ikasoma kwa ya pili, weusi hauwi mweusi. Ikitokea kinyume chake, vivuli huzama na kanzu nyeupe hupoteza mikunjo yake. Mtu asikimbilie kuongeza au kupunguza mwanga kwa macho. Atafute mpangilio wa kipimo cha rangi na aufanye ulingane pande zote mbili.

Mkanda wa ugenini unataka uangalifu wake. Ndugu walioko Oman na Uingereza walituma mikanda ya PAL, kama ya hapa. Ya Marekani na Kanada ni ya NTSC, yenye mistari 525, na katika deki isiyoujua mfumo huo picha hupanda na kushuka au hukosa rangi. Ya Ufaransa, pamoja na Mayotte na Réunion kwa majirani zetu, ni ya SECAM, na katika deki ya PAL hutoa picha nzuri lakini isiyo na rangi. Mkanda usio na rangi usitiwe rangi kwa kompyuta kabla ya kuuliza ulikotoka.

Vigae na matope

Picha inapovunjika kuwa vigae vya mraba, hasa watu wanapocheza au bahari inapopiga, faili limenyimwa nafasi. Kumbuka kwamba kodeki huandika yaliyobadilika; ngoma ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, yenye vumbi, moshi wa kibanda kinachoungua na vijana wanaopigana kwa migomba, hubadilika kila nukta kwa kila fremu, na hutaka nafasi kubwa kuliko hutuba ya saa nzima mbele ya pazia. Chenga za mkanda mkongwe nazo, kwa kodeki, ni mabadiliko. Kwa hivyo mkanda mbovu huhitaji nafasi zaidi kuliko mkanda mzuri, jambo ambalo watu wengi hulifanya kinyume chake kwa kudhani kwamba kibovu hakistahiki.

Katika HandBrake ni bora kuchagua ubora usiobadilika kuliko kuchagua ukubwa wa faili. Kwa picha za mkanda, namba kati ya 18 na 22 ndiyo inayopendekezwa, na namba ndogo ndiyo yenye ubora mkubwa. Kabla ya kuipa mashine saa tatu za kazi, simba dakika mbili tu, na dakika hizo zichaguliwe pale penye fujo kubwa kabisa katika mkanda. Zikitoka salama, zilizobaki hazitakuwa na tabu.

Matope ni tofauti na vigae. Picha inakwenda vizuri, mara sehemu yake inagandana na kuburutwa pamoja na watu wanaopita, kisha baada ya sekunde kadhaa inasafika yenyewe ghafla. Hapo kipande cha faili kimeharibika, na picha inasafika pale inapofika fremu nyengine iliyo kamili. Linganisha faili hilo na nakala mama. Mara nyingi uharibifu umetokea wakati wa kulihamisha, kwa flashi iliyochomolewa kabla ya wakati wake, na kulihamisha tena kunatosha.

Faili likitumwa kwa WhatsApp kama video, programu hiyo hulisimba upya kwa udogo inaoutaka. Likitumwa kama waraka, hufika kama lilivyo, ilimradi halikuzidi kikomo cha ukubwa. Mzee aliyeko Muscat akilalamika kwamba picha ya marehemu dada yake imekuwa ukungu, atumiwe kwa njia hii ya pili kabla ya mkanda kurudishwa katika deki.

Kwa afisi zenye mikanda mingi, kila nakala mama ipewe jina lenye tarehe ya tukio, mahali na namba iliyoandikwa ubavuni mwa mkanda, na iwekwe katika diski mbili zilizo katika majengo mawili tofauti. Nakala ifunguliwe katika kompyuta nyengine isiyokuwa ile iliyonasia, itazamwe mwanzo, kati na mwisho, sauti ikiwa imefunguliwa, na jina la aliyeitazama liandikwe katika daftari. Mkanda urudishwe katika kasha lake ukiwa umesokotwa mpaka mwisho, usimamishwe wima, mbali na spika na jua la dirishani, wala usitupwe.